Kuhamisha Madondoo ya Ngazi: Kinachohama na Kinachobaki Nyuma

Mtafiti wa lugha huishi kwa madondoo. Kabla ya kamusi kuwa kamusi, na kabla ya sarufi kuwa sarufi, huwapo kwanza vipande vya maandishi: neno lililosikika sokoni, sentensi ya mzee aliyeulizwa habari za vyombo vya uvuvi, ubeti ulioimbwa arusini, swali ambalo halijapata jibu. Zamani vipande hivi viliandikwa katika kadi na kupangwa ndani ya masanduku. Siku hizi aghalabu huandikwa katika tarakilishi, na si wachache miongoni mwa wanaoandika humo ambao hutumia aina ya programu itakayoitwa katika makala haya kihariri cha ngazi.

Kihariri cha ngazi hakichukui maandishi kuwa ni aya zinazofuatana tu, bali huyachukua kuwa ni vifungu vinavyobebana. Kila kifungu chaweza kuwa na vifungu vingine chini yake, navyo vikawa na vyao, mpaka haja ya mwandishi itakapokoma. Kifungu chaweza kukunjwa ili kichwa chake tu kionekane, kikakunjuliwa baadaye, au kikahamishwa kutoka mahali pamoja hadi pengine pamoja na watoto na wajukuu wake wote. Kwa mtu anayekusanya maneno elfu kadhaa, kila neno likiwa na maana zake, kila maana ikiwa na mifano yake, ni dhahiri kwamba chombo cha namna hii kina manufaa makubwa.

Lakini vyombo hivi ni vingi, wala havidumu. Mtafiti aliyeanza kazi yake katika kihariri kimoja, baada ya miaka kumi atajikuta hana budi kuhamia kingine, ama kwa kuwa kile cha kwanza kimeachwa na waliokiunda, ama kwa kuwa mwenziwe anayeshirikiana naye anatumia kingine, ama kwa kuwa tarakilishi yake mpya haikikubali. Hapo ndipo huzuka tatizo. Maneno yenyewe huhama kwa urahisi. Kisichohama kwa urahisi ni uhusiano baina ya maneno hayo, na katika madondoo ya lugha uhusiano huo ni sehemu ya data, wala si pambo.

Historia ya programu zenyewe yatosha kuonyesha kwa nini kuhama hakuepukiki. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Douglas Engelbart wa Stanford Research Institute aliwaonyesha wataalamu waliokusanyika mfumo ulioitwa NLS. Miongoni mwa aliyoyaonyesha ilikuwamo orodha ya vitu vya kununua dukani, ambayo aliipanga kwa mafungu, akayakunja na kuyakunjua mbele ya hadhira. Mwaka 1983 kampuni ya Dave Winer, Living Videotext, ilitoa ThinkTank kwa ajili ya tarakilishi za Apple II, na mwaka 1986 ikatoa MORE kwa ajili ya Macintosh. Mwaka 1987 kampuni hiyo iliungana na Symantec, na programu hizo mbili leo haziwezi kuendeshwa ila kwa hila ya kuigiza mashine za zamani. Ecco Pro, iliyopendwa mno na watumiaji wa Windows, iliacha kuendelezwa na wenyewe mwaka 1997. Aliyekuwa na msamiati wa lugha ya mama yake ndani ya Ecco Pro mwaka huo hakupoteza kitu siku ile. Aliendelea kuufungua na kuusoma. Hasara yake ilikuwa ya kungojewa.

Ili kuona ni nini hasa kinachohatarishwa, na litazamwe neno moja la Kiswahili ambalo kila msomaji analifahamu. Katika madondoo ya mkusanya maneno, neno *paa* laweza kukaa hivi:

paa
    nomino, LI-YA: sehemu ya nyumba inayofunika juu
        mapaa ya makuti
    nomino, A-WA: mnyama wa porini wa jamii ya swala
        paa wamekimbilia kichakani
    kitenzi: enda juu angani
        ndege imepaa
    kitenzi: ondoa magamba ya samaki
        wanapaa samaki
            imesikika kwa wavuvi, iulizwe tena

Mstari wa mwisho unastahili kuangaliwa kwa makini. Kwa kuwa umeingizwa ndani zaidi kuliko ule ulioutangulia, unahusu mfano: mtafiti ana shaka juu ya sentensi aliyoisikia. Ukirudishwa nyuma kwa ngazi moja, shaka yake inahamia kwenye maana yenyewe, kana kwamba hana hakika iwapo *paa* kweli hutumika kwa samaki. Ukirudishwa nyuma kwa ngazi mbili, shaka inakuwa juu ya neno zima. Hakuna hata herufi moja iliyobadilika, bali dai la kitaaluma limebadilika mara mbili. Na ngazi zote zikipotea, ikabaki orodha ya mistari iliyonyooka upande wa kushoto, mfano wa *wanapaa* huweza kusomwa chini ya maana ya kwenda angani. Mswahili atacheka na kusahihisha. Lakini iwapo lugha ni ile ambayo wasemaji wake wamebaki wachache, na aliyeyaandika madondoo hayo amekwisha kufariki, hatakuwapo wa kucheka wala wa kusahihisha.

Swali la kwanza, basi, ni namna gani kila kihariri huiandika ngazi ndani ya faili lake. Macho ya mtumiaji huona kitu kile kile katika programu zote, yaani mistari iliyoingizwa ndani. Ndani ya faili mambo ni tofauti sana.

Njia kongwe na nyepesi ni ile ya nafasi tupu: kila ngazi huonyeshwa kwa alama moja ya tabo mwanzoni mwa mstari. Takriban kila kihariri cha ngazi huweza kusoma na kutoa matini ya namna hii, na kwa hiyo ndiyo lugha ya soko ya vihariri, inayoeleweka na wote japo haina ufasaha mwingi. Udhaifu wake ni mbili. Kwanza, alama ya tabo na nafasi za kawaida hufanana machoni lakini si kitu kimoja kwa mashine. Faili lililochanganya tabo hapa na nafasi nne pale laweza kuonekana limenyooka kabisa, hali programu inayolisoma inahesabu ngazi tofauti. Tena, baadhi ya njia za kupitishia maandishi, kama vile barua za elektroniki au kubandika ndani ya programu ya kuchapia, zina desturi ya kufuta nafasi zote za mwanzo wa mstari. Pili, katika njia hii mstari mmoja ni kifungu kimoja. Maelezo yenye aya tatu yakipita hapo hutoka yakiwa vifungu vitatu, ndugu watatu wasiokuwa na habari kwamba walikuwa kitu kimoja.

Njia nyingine ni ya alama za wazi. Katika Org, iliyoanzishwa mwaka 2003 na Carsten Dominik, mtaalamu wa nyota wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, kila kichwa huanza kwa nyota: moja kwa ngazi ya kwanza, mbili kwa ya pili, na kuendelea pasipo kikomo. (Kwamba mtaalamu wa nyota alichagua nyota huenda ikawa sadfa tu, alama hiyo ilikwisha kutumika katika Emacs kabla yake.) Sifa kubwa ya Org ni kwamba faili lake ni matini tupu. Hata programu ikitoweka kesho, anayeweza kusoma herufi na kuhesabu nyota ataweza kuyasoma madondoo. Katika Markdown, iliyotolewa na John Gruber mwaka 2004, vichwa huonyeshwa kwa alama ya reli, na hapa pana kikomo ambacho wengi hukigundua wakiwa wamechelewa: vichwa haviwezi kuzidi ngazi sita, kwa kuwa vilifuata vichwa sita vya HTML. Mtu aliyeyapanga madondoo yake kwa eneo, kijiji, msemaji, mada, neno, maana na mfano amekwisha kufika ngazi ya saba. Akiyapeleka huko, mifano yake yote itatoka ikiwa aya za kawaida zilizotanguliwa na alama saba za reli zisizo na maana yoyote.

Markdown ina vilevile orodha zinazobebana, nazo hazina kikomo hicho. Lakini kanuni za kuziingiza ndani zimetofautiana baina ya programu na programu. Kanuni za awali zilitaka nafasi nne au tabo. Kanuni za CommonMark, zilizoanza kutolewa mwaka 2014, hupima kulingana na mahali maneno ya kifungu cha juu yanapoanzia. Orodha iliyoandikwa kwa nafasi mbili mbili inaposomwa na programu ya kanuni za zamani huweza kulainishwa ikawa ngazi moja. Na kinyume chake, mstari ulioingizwa ndani kupita kiasi huweza kuchukuliwa kuwa ni msimbo wa programu, ukawekwa katika fremu yake peke yake.

Njia ya tatu ni ya kufumbata. Hapa ngazi haionyeshwi kwa nafasi wala kwa idadi ya alama, bali kifungu cha ndani huwekwa kwa hakika ndani ya kifungu cha nje, baina ya alama ya kufungulia na ya kufungia. Ndiyo njia ya OPML, mtindo ambao Dave Winer aliutoa mwaka 2000 akiwa na kampuni yake nyingine, UserLand, na ambao umejengwa juu ya XML. Sehemu ya *paa* katika OPML huwa hivi:

<outline text="paa"><outline text="nomino, LI-YA"/></outline>

Kwa upande wa ngazi pekee, OPML ni amana njema. Haijali tabo wala nafasi, na mti wa vifungu hutoka kama ulivyoingia. Ndiyo sababu washauri wengi humwambia anayetaka kuhama kwamba programu zote mbili zikiwa zinajua OPML, basi kazi imekwisha. Ushauri huo ni nusu ya kweli. Kanuni za OPML huagiza kwamba kila kifungu kiwe na sifa iitwayo *text*, lakini humruhusu mwenye programu kuongeza sifa nyingine azitakazo kwa majina ayatakayo. Maelezo marefu ya kifungu, kwa mfano, hutiwa na OmniOutliner na Workflowy katika sifa iitwayo *_note*, na programu nyingine kadhaa zimeifuata desturi hiyo. Lakini ni desturi tu, si sheria, na programu isiyoijua huyaacha maelezo hayo mlangoni bila kusema neno. Hali ni mbaya zaidi kwa alama ya kuonyesha kwamba jambo limekwisha kutendwa, kwa rangi, na kwa tarehe, ambazo kila mmoja amezipa jina lake. Aidha, zipo programu zinazotangaza kwamba zinasoma OPML, kumbe zinachotarajia ni orodha ya anwani za majarida ya mtandaoni tu, kwa kuwa mtindo huu ulipata kutumika sana kwa kazi hiyo.

Lipo jambo moja katika OPML linalowahusu hasa wanaoshughulika na fasihi. Kanuni za XML, zilizotolewa mwaka 1998, huamuru kwamba mwisho wa mstari ukiwa umeandikwa kama ulivyo ndani ya sifa, msomaji wa XML augeuze kuwa nafasi tupu. Ili mwisho wa mstari usalimike ni lazima uandikwe kwa namba yake, yaani &#10;. Programu iliyoundwa kwa uangalifu hufanya hivyo. Isiyoundwa kwa uangalifu haifanyi. Matokeo yake ni kwamba mtafiti aliyeweka ubeti wa tarbia katika maelezo ya kifungu huukuta upande wa pili ukiwa mstari mmoja mrefu. Ikiwa shairi limefuata arudhi, hasara yaweza kurekebishwa: mizani zikihesabiwa na vina vikitazamwa, mishororo minne hujitenga yenyewe, ukwapi kwa utao. Ikiwa ni shairi huru, hakuna kipimo kitakachoonyesha mshairi alikatia wapi mstari wake. Hii ni hoja ya kutetea arudhi ambayo, katika mabishano yote ya miaka ya 1970, haikumjia mtu yeyote.

Baada ya ngazi na mistari huja herufi. Kwa Kiswahili tatizo ni dogo lakini linaudhi, nalo ni ritifaa ya *ng'*. Vihariri vingi vya leo hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, bila kuulizwa, mwandishi anapoandika, vingine haviibadilishi. Madondoo yaliyokusanywa katika programu mbili na kuunganishwa huwa na *ng'ombe* wa aina mbili ambao hawaonani: anayetafuta mmoja hampati mwingine, na orodha ya alfabeti huwatenga. Kwa Kikuyu na Kikamba jambo ni zito zaidi. Herufi ĩ na ũ zaweza kuandikwa katika Unicode kwa njia mbili, ama kama herufi moja kamili, ama kama irabu ya kawaida iliyofuatwa na kiwimbi kinachokaa juu yake. Kwa jicho ni kitu kimoja. Kwa tarakilishi isiyofunzwa ni vitu viwili. Tena yapo madondoo ya kabla ya Unicode kuenea, yaliyoandikwa kwa fonti maalumu ambamo alama fulani ya kizungu ilichorwa upya ifanane na herufi iliyotakiwa. Madondoo hayo yakihamishwa bila fonti yake, alama ile ya zamani hujitokeza tena, na neno halisomeki. Kazi ya kubadilisha herufi, kwa hiyo, yafaa kufanywa kabla ya kuhama na si baada yake, maana aliyehama tayari amekwisha kuchanganya makosa ya aina mbili na hajui lipi lilitoka wapi.

Tofauti nyingine ni ya dhana, na hiyo haitibiki kwa kubonyeza kitufe. Katika Org, kichwa ni kitu kimoja na matini iliyo chini ya kichwa ni kitu kingine. Kichwa chaweza kuwa na aya tano chini yake na kisiwe na mtoto hata mmoja. Katika Workflowy kila kitu ni kifungu, na aya ni kifungu kama kifungu kingine chochote. Anayetoka Org kwenda Workflowy hana budi kuamua: aya zake ziwe watoto wa kichwa, au ziwe maelezo yake? Programu ya kubadilisha mitindo itamwamulia asipoamua mwenyewe. Pandoc, iliyoanzishwa mwaka 2006 na John MacFarlane, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, inajua Org, Markdown na OPML miongoni mwa mitindo mingi, nayo inasifiwa kwa haki. Lakini inapotoa OPML huvichukua vichwa peke yake kuwa vifungu, na mengine yote, zikiwamo orodha zinazobebana, huyatia katika *_note*. Kwa mwandishi wa kitabu huo ni uamuzi wa busara. Kwa mkusanya maneno aliyeandika maana na mifano kama orodha, mti wake wote umefichwa ndani ya maelezo ya neno la juu, na kihariri kipya hakiwezi kuukunja wala kuukunjua.

Zaidi ya hayo, baadhi ya vihariri vya kisasa vimeacha kuwa miti. Kifungu kimoja chaweza kuonekana mahali pawili, na kikibadilishwa hapa kikabadilika na kule. Workflowy ina vioo vya namna hiyo, na kihariri kiitwacho Leo kimekuwa na mapacha wake kwa miaka mingi. Kwa kamusi ni jambo la kuvutia mno, kwani mfano mmoja huweza kushuhudia maneno mawili. OPML haina namna ya kusema kwamba mtoto huyu ana wazazi wawili. Kinachotokea ni kunakiliwa: mfano unatoka ukiwa mifano miwili isiyojuana, na kuanzia siku hiyo marekebisho ya mmoja hayamfikii mwenziwe. Logseq kwa upande wake hurejelea kifungu kwa kitambulisho kirefu cha herufi na tarakimu kilichotiwa ndani ya mabano mawili mawili. Ndani ya Logseq msomaji huona maneno ya kifungu kinachorejelewa. Nje yake huona kitambulisho tu. Faili ni matini tupu, kila herufi imo, na hata hivyo sentensi haisomeki. Hali hii inaonyesha kwamba usemi unaosikika mara kwa mara, kuwa matini tupu ni salama daima, unahitaji kupunguzwa makali.

Wanaisimu wana mfano wao wenyewe wa tatizo hili, wa zamani kuliko vihariri vingi vilivyotajwa. Programu za SIL zilizoitwa Shoebox na baadaye Toolbox, ambazo zimetumika katika utafiti wa lugha nyingi za Afrika, huhifadhi kamusi kama mistari inayoanza kwa mkwaju wa nyuma na herufi chache: \lx kwa neno, \ps kwa aina ya neno, \sn kwa namba ya maana, \ge kwa maana ya Kiingereza, \xv kwa mfano, \nt kwa dokezo. Mistari yote imenyooka kushoto. Ngazi imo akilini mwa mtafiti na katika mfuatano wa mistari: \xv ikifuata \sn ya pili, huaminiwa kuwa ni mfano wa maana ya pili. Je, \nt iliyokuja mwisho ni dokezo la mfano, la maana, au la neno? Ni lile lile swali la *iulizwe tena* katika *paa*, ila safari hii jibu halikuandikwa popote tangu mwanzo. Kamusi hizi zinapohamishiwa katika FieldWorks, ambayo hudai kila kitu kiwe na mzazi wake wa hakika, mtafiti hulazimika kuyajibu maswali ya namna hii kwa mamia. Steven Bird na Gary Simons, katika makala yao mashuhuri yaliyotolewa na jarida la *Language* mwaka 2003, walieleza kwamba hati nyingi za kielektroniki za lugha zilizo hatarini zenyewe ziko hatarini, kwa kuwa zimefungwa katika programu na mitindo isiyodumu. Miaka zaidi ya ishirini baadaye onyo hilo halijachakaa.

Katika kutenda, basi, anayetaka kuhama asianze na madondoo yake. Aanze na faili dogo la majaribio alilolitunga makusudi, lenye kila kitu alicho nacho: tawi lenye ngazi nane; maelezo yenye aya tatu; ubeti mmoja wa shairi; neno lenye *ng'* na neno lenye ũ; maneno yaliyokolezwa wino; kifungu kilichotiwa alama ya kukamilika; tarehe; kiungo cha kurejelea kifungu kingine; na alama za & na <, ambazo XML huzitendea kwa namna ya pekee. Faili hilo alipeleke katika kihariri kipya, kisha alirudishe katika kile cha zamani, halafu alilinganishe na la asili mstari kwa mstari. Programu ya *diff*, iliyoundwa kwa ajili ya Unix katika miaka ya 1970, hufanya kazi hiyo kwa sekunde moja. Safari ya kwenda peke yake haitoshi, kwa sababu kihariri kipya chaweza kuonyesha sura nzuri hali kimetupa kilichokuwa ndani. Safari ya kurudi ndiyo inayofichua.

Kitakachoonekana kimepotea hakina budi kufanywa maneno kabla ya kuhama. Rangi nyekundu iliyokuwa ikimaanisha shaka iandikwe *shaka* mbele ya kifungu. Alama ya kukamilika iandikwe *imethibitishwa*. Dokezo liseme linahusu nini: *mfano huu uulizwe tena*, si *iulizwe tena*. Kiungo kiandikwe kwa jina la neno linalorejelewa, *taz. paa, kitenzi*, kama kamusi za karatasi zilivyofanya kabla ya tarakilishi yoyote. Ni kazi ya kuchosha, na inakera kuona chombo cha kisasa kikimrudisha mtu kwenye mbinu za kadi. Lakini maneno ndiyo kitu pekee ambacho kila kihariri hukipokea. Sauti na picha ni suala la peke yake: OPML haizibebi, huweza tu kutaja mahali zilipo, na njia hiyo hukatika faili likihamishwa folda. Afadhali kila kurekodi kupewe jina la kudumu, na jina hilo liandikwe katika kifungu pamoja na dakika na sekunde ya neno.

Madondoo yenyewe yakishavuka, idadi ya vifungu ihesabiwe pande zote mbili, pamoja na idadi ya vifungu katika kila ngazi, kwani jumla yaweza kulingana hali ngazi zimebadilika. Kisha vifungu thelathini au arubaini vichukuliwe ovyo ovyo, hasa vile vya chini kabisa katika matawi marefu, visomwe kimoja kimoja dhidi ya asili. Makosa hukaa huko chini, si juu ambako jicho hufika kwanza. Faili la zamani lisifutwe wala lisirekebishwe. Lihifadhiwe kama lilivyokuwa siku ya kuhama, pamoja na nakala yake ya matini tupu na ya OPML. Kando yake pawe na faili fupi la maelezo linalosema ni programu gani iliyotumika na ya toleo gani, kila ngazi ilimaanisha nini, na vifupisho vyote vilisimamia maneno gani. Faili hilo liandikwe kwa matini tupu na liwekwe katika folda ile ile yaliyomo madondoo, si ndani ya kihariri.